Swali Nililomuuliza Sylvie

Watu wa Bwera wakitaka kunichokoza huniuliza kama bado naigiza. Nawajibu kwamba wao ndio wanaoigiza, mimi nilishastaafu. Tunacheka pamoja, nainamia cherehani yangu, na moyo unaniuma vilevile. Nimeamua kuyasema haya mwenyewe kwa sababu yanasimuliwa vibaya mno, na wanaoyasimulia vibaya kupita wote ni wale waliokuja siku ile kwa ajili ya nyama ya mbuzi tu.

Mwaka 2013 katekista wetu, Asanasio, aliandika mchezo wa kuigiza kwa ajili ya mashindano ya parokia kule Kasese mjini. Ulikuwa mchezo wa mapenzi na kifo. Binti wa mtu mkubwa wa mlimani anampenda kijana anayekata chumvi ziwani Katwe. Baba amekwisha kumwahidi binti kwa mwindaji mmoja mzee. Wanabembeleza, wanatoroka, wanarudishwa, na mwisho wanajifunga pamoja kwa kitenge kimoja na kuingia mtoni. Kati yao yuko shangazi wa binti, mwanamke mcheshi anayebeba habari huku na huko na kuwafungulia milango iliyofungwa. Kundi letu la kuigiza liliitwa la vijana, lakini hakuna msichana aliyekubali kuvaa matambara na kuitwa shangazi. Basi wakanifuata mimi, Loyi, fundi wa nguo, miaka arobaini na minne, mwanamke aliyerudi nyumbani kutoka kwa mume.

Nilikuwa na haki ya kucheka mambo ya mapenzi, msinilaumu. Mimi niliolewa Mahango kwa utaratibu usio na kasoro hata moja. Ukoo uliulizwa, ukaonekana sawa. Mbuzi walikuja wazima wote. Padri alibariki. Kisha nikakaa miaka minane na mtu ambaye alikula chakula changu bila kufungua mdomo ila kwa kutafuna. Hakunipiga, hakunitukana, hakunitazama. Nilipoondoka alikuwa anachonga mpini wa jembe, na sidhani aliacha.

Mazoezi yetu katika ukumbi wa kanisa yalikuwa ubishi zaidi ya mazoezi. Asanasio alishikilia kwamba mapenzi ni kiapo mbele ya Mungu, na kwamba wale wawili wa mchezo wake hawakuwa na mapenzi, walikuwa na homa. Nikamuuliza kwa nini basi ameandika kurasa arobaini juu ya homa. Akasema, ili watu walie, kisha watubu. Mackline, aliyeigiza mama wa binti na ambaye huuza samaki sokoni, alisema mapenzi ni mwanamume anayerudi na mafuta ya taa bila kukumbushwa, na mengine yote ni redio. Bright ndiye alikuwa kijana wa chumvi. Bright ni fundi wa simu kule Kinyamaseke, mtoto wa kaka yangu Yowasi, ana sauti nzuri na anajua hivyo. Yeye alikuwa akifumba macho na kusema, "Mutu akipenda kweli, ukimwondolea ule anapenda, ni kama umemwondolea pumzi. Hawezi." Wasichana wa kwaya walikuwa wanakuja mazoezini kwa ajili ya maneno hayo tu.

Binti aliigizwa na Sylvie, Mkongo wa Butembo, aliyekuwa akiuza vitenge pamoja na mama yake Martine katika soko la Mpondwe, pale mpakani. Yeye alisikiliza ubishi wetu wiki mbili nzima bila kusema kitu. Siku moja Asanasio akamlazimisha atoe maoni.

"Miye naona hawa batu balikufa bule," akasema. "Si bangepanda tu lori, baende Beni?"

Tulicheka mpaka Mackline akakaa chini. Asanasio aliumia, akaeleza kwamba zamani zile hakukuwa na malori. Sylvie akafikiri kidogo. "Basi bangeenda na miguu," akasema. Kuanzia hapo nilimpenda yule msichana.

Mashindano yalikuwa yafanyike mwezi wa tano, lakini mto Nyamwamba ulifurika ukaingia Kasese na kuharibu nyumba na maisha ya watu, yakaahirishwa mpaka mwezi wa nane. Kwa hiyo tulipofika kwenye sehemu ya mto, ukumbi mzima ulinyamaza kwa namna ambayo hatukuwa tumeizoea. Mama mmoja wa mbele aliinuka akatoka nje. Bright na Sylvie walijifunga kile kitenge, wakaingia nyuma ya shuka la bluu ambalo ndilo lilikuwa mto wetu, na nikasikia wanaume wazima wanavuta kamasi. Tulipata nafasi ya pili. Ya kwanza ilichukuliwa na parokia iliyoigiza umuhimu wa kunawa mikono.

Tuliporudi Bwera, wale wawili walikaa mbali mbali garini, mmoja mbele kabisa, mwingine nyuma kabisa, na hawakutazamana. Mackline akaninong'oneza kwamba wamegombana. Nikamwambia, wewe endelea kuuza samaki. Mimi nilikuwa nimeshaelewa, na nilijisikia furaha ya kijinga, kana kwamba mimi ndiye niliyewafungulia mlango kweli.

Baada ya mwezi mmoja Bright alikuja kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja, akawa anachezea utepe wa kupimia.

"Shangazi, nataka uende kuuliza," akasema.

Kwetu baba haendi kwanza. Anayeenda kwanza ni shangazi, na swali lake la kwanza halihusu mapenzi, wala umri, wala kusali. Anauliza ukoo. Ukoo ukiwa mmoja, hao ni ndugu na habari imekwisha hapo hapo, unamaliza chai yako unarudi nyumbani. Na lazima uulize, kwa sababu majina yetu hayasemi kitu. Tunawaita watoto kwa jinsi walivyofuatana kuzaliwa. Bright ni Mumbere kwa kuwa ndiye mvulana wa kwanza, Sylvie ni Masika kwa kuwa ndiye msichana wa kwanza, na kutoka hapa mpaka Butembo wamejaa akina Mumbere na akina Masika wasiojuana. Mlima ulikuwepo kabla ya mpaka, na koo zile zile ziko pande zote mbili. Watu wengi siku hizi husahau jambo hilo. Wanaona mtu anazungumza Kifaransa, wanadhani ametoka mbali sana kuweza kuwa ndugu.

Nilikwenda Mpondwe siku ya gulio, Ijumaa. Martine alikuwa amevuka upande wa Kasindi kufuatilia mzigo, Sylvie alikuwa peke yake, anakunja vitenge na kuvipanga kwa rangi. Aliponiona akajua nimefuata nini. Uso wake ulibadilika, akawa kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani. Akanipa kiti. Nikazungumza kwanza juu ya mvua, kama inavyotakiwa. Kisha nikauliza.

"Siye tuko Bahira," akajibu mara moja. "Iko na shida, mama Loyi?"

Bright ni Muhira. Yowasi ni Muhira. Mimi mwenyewe ni Muhira tangu kuzaliwa.

Nimejiuliza juu ya dakika ile kwa miaka na bado sijui kilichotokea kichwani mwangu. Nilikumbuka yule mtu wa Mahango na meno yake. Nilikumbuka makofi ya Kasese, watu walivyonishangilia kila nilipoingia jukwaani na ujumbe wa wapenzi. Nilifikiri kwamba Bahira wa Butembo na Bahira wa Bwera hawajakaa chini pamoja tangu babu za babu zetu, basi huo ni undugu gani? Nilifikiri pia, na hili nalisema kwa aibu, kwamba ukoo wangu ulikuwa sawa na haukunisaidia kitu. Yote hayo yalipita pamoja, na Sylvie alikuwa ananitazama, na kitenge cha njano mkononi hakijakunjwa.

"Hakuna shida," nikasema. "Na mama yako ni wa ukoo gani?"

"Mama iko Musukali."

Jioni ile nikamwambia Yowasi kwamba msichana ni wa Basukali. Kaka yangu alikuwa jeshini miaka kumi na saba, majirani wanamwita afande mpaka leo, na anazungumza na watu kama wamesimama mstarini.

"Umeuliza sawasawa?"

"Nimeuliza."

"Mara ngapi?"

"Afande, mimi siyo kuruta. Mara moja inatosha."

Akacheka. Alifurahi, maskini. Alimpenda Sylvie kwa kuwa alikuwa anamwamkia kwa magoti mawili.

Miezi mitatu nilibeba jambo hilo. Asubuhi nilikuwa naamka nimeamua kusema, mchana naona wale wawili wanapita wakicheka, naacha. Nikienda kanisani nilikuwa nashindwa kujua kama niombe msamaha au niombe msaada. Siku za maandalizi ya utambulisho, sherehe ya familia mbili kutambuana kabla ya ndoa, nilimfuata Asanasio, ambaye ndiye alikuwa msemaji wa upande wetu, nikamwomba afupishe habari za kutajana koo, jua litakuwa kali, wazee wataumia. Akakubali. Nikajiona mjanja.

Utambulisho ulifanyika mwezi wa kumi na mbili, nyumbani kwa Martine, karibu na soko. Tulifika na mbuzi wetu wakiwa wamefungwa riboni shingoni. Bright alivaa koti la kijivu nililolishona mimi. Asanasio alisema maneno yake mafupi kama tulivyopatana, na nikaanza kupumua. Lakini baba mkubwa wa Sylvie, mzee Kathembo, alikuwa ametoka Butembo siku mbili njiani kwa barabara mbaya, na hakuwa amekuja kunyamaza. Akainuka, akarekebisha kofia.

"Batu ya Bwera, karibuni," akasema. "Miye niko Kathembo, mutoto ya Paluku. Paluku iko mutoto ya Kasereka, ule alijenga Lubero. Siye njo Bahira, Bahira ya kweli, muulize kila mutu."

Watu wa upande wao wakapiga makofi. Upande wetu hakuna aliyepiga. Yowasi akasimama polepole.

"Mzee, rudia."

"Bahira," mzee Kathembo akarudia, akitabasamu, akidhani anaheshimiwa.

"Wote simama!" Yowasi akatuamuru sisi watu wake. "Hakuna mtu anagusa chakula. Sisi ni Bahira. Hii ni dada yake!"

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Wanawake walishika vichwa. Mzee Kathembo alikaa chini bila kutafuta kiti, wakamdaka. Mtu wa upande wetu akapaza sauti kwamba Wakongo wametudanganya, wametaka kupata mkwe Uganda kwa hila. Hapo Martine akaja mbele, kilemba kimeanguka.

"Apana! Mutoto yangu alisema kweli! Alisema kweli kwa huyu mama, sokoni!" Na kidole chake kilikuwa kinanielekea mimi.

Yowasi akanigeukia. "Loyi. Huyu mtoto alikuambia nini?"

Nilimtazama Sylvie. Alikuwa amesimama mlangoni na nguo yake ya sherehe, mikono imelegea. Alikuwa ananingoja. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, alijua nitasema.

"Aliniambia Basukali," nikasema.

Sylvie hakupiga kelele. Alinitazama kana kwamba nimeanza kuzungumza lugha asiyoijua, akaingia ndani. Bright alikuwa ameketi vilevile kwenye kiti chake cha bwana harusi, anatazama viatu. Tukaondoka na mbuzi wetu wenye riboni, tukapita nao katikati ya soko watu wakiangalia.

Siku zilizofuata Bwera ilikuwa na hadithi moja tu. Wakongo waongo. Wanawake waliokuwa wateja wa Martine kwa miaka sita walikuwa wanapita kibanda chake wakitazama mbele. Mimi nilikaa na cherehani yangu nikishona kanzu za wanakwaya, na mara tatu nilishona mkono mahali pa shingo.

Siku ya nne Mackline akaja mbio. Sylvie hajaonekana tangu asubuhi, akasema, na simu ya Bright haipatikani. Akaniangalia, nikamwangalia, na sote wawili tukakiona mawazoni kile kitenge cha mchezo. Nilitupa mkasi. Nilikimbia mpaka mto Lhubiriha, ule wa mpakani, nikiwa na kiatu kimoja, nikawauliza wanawake waliokuwa wanafua, nikawauliza wachukuzi wanaovusha mizigo kichwani. Niliita majina yao yote mawili. Maji yalikuwa yanafika magotini tu mahali pale, lakini woga hauna akili, nilitazama kila tambara lililokuwa limekwama kwenye jiwe. Sikuona kitu. Nikapanda bodaboda nikaenda Kinyamaseke, njia nzima nikimwahidi Mungu mambo ambayo nimeshayasahau.

Bright alikuwa kibandani kwake, anachokoa simu ya mteja kwa sindano.

Nilishika mlango. "Simu yako iko wapi?"

"Betri yake nimejaribia kwa hii." Akanitazama vizuri. "Shangazi, kiatu yako ingine iko wapi?"

Furaha ya kumwona mzima ilikaa kama dakika moja, kisha hasira ikaishinda. "Uko hapa unatengeneza simu? Sylvie yuko wapi?"

"Sijui. Sijaongea na yeye tangu ile siku."

"Hujaongea naye? Wewe uliyekuwa unasema mtu ataishiwa pumzi? Kasese ulikufa mbele ya watu mia tatu!"

"Ile ilikuwa mchezo, shangazi." Aliweka sindano chini. Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa amelia, sikatai. "Wewe unataka nifanye nini? Ni dada yangu."

"Wiki iliyopita alikuwa nani?"

"Wiki iliyopita sikujua. Sasa najua. Mutu akikuambia chai iko na sumu, utaendelea kunywa juu ya sukari?"

Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kumkumbatia. Nilikuwa nimengoja kumkuta ama amekufa kwa mapenzi ama hakuwahi kupenda, na yeye alikuwa mtu wa tatu ambaye sikumfahamu, aliyempenda yule msichana kwa moyo wake wote mpaka saa saba mchana ya Jumamosi ile, kisha akaacha. Inawezekana vipi? Anaacha kama mtu anayeshuka ngazi? Ndipo nikamwambia, nadhani ili nimwumize.

"Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Aliniambia Bahira tangu siku ya kwanza. Nilijua."

Mteja mmoja akaja akauliza bei ya chaja, akaondoka bila kujibiwa. Kisha Bright akasema kwa sauti ya chini, "Ungeacha nioe dada yangu."

"Nilitaka uoe unayempenda."

"Shangazi, tafadhali, enda nyumbani."

Nilirudi Bwera, na Sylvie alikuwa kwangu. Alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, na mfuko mdogo miguuni. Nilipomwona nilikaa chini kwenye udongo, pale pale mlangoni, nikalia kwa sauti. Yeye hakuinuka kunibembeleza. Alingoja nimalize.

"Miye nilisema Bahira," akasema. "Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ju ya nini ulisema hakuna shida?"

"Sijui, mwanangu."

"Hapana, mama Loyi. Mutu anajua." Akaitazama cherehani yangu. "Mama hajauzisha kitenge hata moja. Banasema siye tuko bawongo. Kathembo alirudia Butembo na haya, muzee kama ule. Na weye unajua kweli, unakaa hapa, unashona."

Nilimwuliza alikuwa wapi, nikamweleza nilivyokimbia mtoni. Alinishangaa. Alikuwa Kasindi, akasema, anaulizia nafasi kwenye lori la Beni. Nafasi mbili. Lori lingeondoka kesho yake asubuhi. Kisha akainamisha kichwa, akafunga na kufungua mshipi wa mfuko, na akauliza lile lililokuwa limemleta tangu mwanzo.

"Bright anasema nini?"

Nilikuwa na uongo wa nne mdomoni tayari, na ulikuwa mtamu kuliko wote uliotangulia. Ningesema analia, anakungoja, nenda Kinyamaseke. Labda angekwenda, na labda Bright akimwona usoni angesahau ukoo. Hata leo sijui. Nilifungua kinywa mara mbili.

"Anasema wewe ni dada yake."

Alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia. "Miye ningeenda," akasema. "Bahira ao hapana Bahira. Angesema neno moja tu, ningeenda na miguu." Akachukua mfuko wake. Mlangoni akageuka. "Useme kweli kwa mama yangu. Iyo tu."

Na huyu ndiye aliyesema wale wa mchezo walikufa bure! Mimi nilidhani hajui mapenzi, nilidhani ni mtu wa hesabu za soko tu. Nilibaki pale chini nikijaribu kupanga nani kati yetu alikuwa amependa na nani alikuwa ameigiza, na kila nilipopanga, yalivurugika.

Kesho yake, lori la Beni likiwa limeondoka bila Sylvie, nilikwenda kwa Yowasi nikasema yote mbele ya wazee wa ukoo. Nilitegemea amri na matusi ya kijeshi. Kaka yangu alitoka nje akasimama akiwatazama wale mbuzi, ambao bado walikuwa na riboni kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzifungua. Wazee waliamua mambo yao bila kuniuliza. Nitatoa mbuzi. Sitatumwa tena kuuliza kwa ajili ya mtoto yeyote wa nyumba ile. Yowasi atakwenda kwa Martine kwa miguu yake, apite sokoni watu wamwone, amwombe radhi. Na kwa kuwa Sylvie ni mtoto wa Bahira kama wengine, ataletwa nyumbani kupokewa kama binti, na yeye na Bright watakula sahani moja mbele ya watu, ili wote wajue ni ndugu na yale mengine yafutwe.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kwanza. Martine alikuja na wanawake wengi wa soko, sasa wote walikuwa marafiki zake tena. Sylvie alivaa nguo ya kawaida, safi. Alipiga magoti akamwamkia Yowasi kwa kumwita baba, na afande akageuza uso kwenye ukuta. Ugali wa muhogo na nyama ya yule mbuzi wangu viliwekwa katikati, na wale wawili wakakaa pande mbili za sahani moja. Sylvie ndiye aliyemmiminia Bright maji ya kunawa, kama dada anavyofanya.

Nilisimama karibu na mlango wa jikoni, nikingoja chakula kimkwame Bright. Nasema kweli, niliombea kimkwame. Nilitaka kuona kitu chochote. Lakini yule kijana alikuwa hajala vizuri kwa wiki nyingi, na sasa mzigo ulikuwa umemtoka, na akala. Alikata ugali, akachovya, akala tena. "Wasingya, dada," akamshukuru Sylvie, na alimaanisha, kwa upole mkubwa, na watu wakapiga vigelegele. Sylvie alikula tonge moja. Akala la pili. Asanasio, pembeni yangu, alikuwa anafuta machozi, ananong'ona kwamba haya sasa ndiyo mapenzi yenyewe. Mackline akamjibu kwamba haya ni upumbavu wa watu wazima, na yeye pia alikuwa analia.

Nyama ikaisha kwenye bakuli. Bright akalitazama bakuli tupu. Sylvie akainuka kabla hajaombwa, akalichukua, akaja nalo jikoni. Nilikuwa nimesimama katikati ya njia. Alifika mbele yangu akasimama, na tulikuwa karibu kiasi kwamba niliona mdomo wake unavyotetemeka na anavyoubana usitetemeke.

"Shangazi," akasema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo, "songa kidogo. Nataka kuongeza kaka yangu nyama."

Nikasogea.